Mtu wa Tatu Ndani ya Chumba cha Daktari

Kuna filamu moja ya Kirusi inaanza na kijana ambaye hawezi kuongea. Si bubu. Ana kigugumizi, kile kibaya, cha neno kukwama kooni mpaka shingo inakaza na macho yanaanza kuomba msamaha. Mbele yake kuna mwanamke, daktari wake. Anamuuliza jina, anamuuliza anatoka wapi, na kijana anapigana na kila silabi. Kisha daktari anamwambia aitazame mikono yake, akusanye mkazo wote wa mwili aushushe mpaka kwenye vidole. Kweli mikono inakauka kama mbao. Halafu anamwambia kwamba akishauondoa huo mkazo, ataongea kwa sauti kubwa, wazi, bila shida. Anauondoa. Kijana anafungua mdomo na kusema kwamba anaweza kuongea. Hapo ndipo majina ya filamu yanaanza kupita.

Filamu inaitwa Zerkalo, yaani Kioo. Ni kazi ya Andrei Tarkovsky, ilitoka 1975 kutoka studio za Mosfilm huko Moscow. Yule kijana harudi tena. Dakika chache tu, kwaheri. Nikiwa mkweli nimetazama mwanzo huo mara nyingi kuliko filamu yenyewe, maana filamu yenyewe inarukaruka kati ya utoto, vita na ndoto mpaka unajiuliza kama umelala ukaamka.

Watu wengi wanaoipenda wanasema hiyo sehemu ni ishara ya uhuru wa kusema: taifa zima lenye kigugumizi, mtu anakuja kulifungua ulimi. Sibishani nao. Lakini kuna kitu hunisumbua kila nikiitazama. Daktari hamuulizi kijana chochote cha maana. Hajui nini kilimfanya aogope kuongea, nani alimkemea, kwao kukoje. Hataki kujua. Anaamuru, basi. Sasa wewe uliyezoea muvi za Marekani, ambapo tineja msumbufu anakalishwa kwenye kochi, ananyamaza nusu saa kwa kiburi halafu analia na kumwaga kila kitu, hii ya Kirusi inakuwa ni kama sayari nyingine.

Rahisi kusema ni utamaduni, eti Warusi ni watu wa baridi hawapendi maneno mengi. Wacha. Sababu ni historia na unaweza kuihesabu kwa miaka. Kwa karibu nusu karne katika nchi hiyo, kumwambia daktari kila kitu kilicho moyoni ilikuwa hatari, kwa sababu ndani ya kile chumba mlikuwa watatu: wewe, daktari, na serikali. Na stori yenyewe inaanza na tineja mwingine Mrusi, miaka sabini kabla ya Tarkovsky.

Anaitwa Sabina Spielrein. Amezaliwa 1885 Rostov-on-Don, mji wa kusini mwa Urusi, kwenye familia ya Kiyahudi yenye pesa. Nyumba ya wasomi, lugha nyingi, piano, na baba wa kuchapa. Mwaka 1901 dada yake mdogo anakufa kwa homa ya matumbo na Sabina anavunjika. Agosti 1904, akiwa na miaka 18, anapelekwa Zürich, Uswisi, kwenye hospitali ya Burghölzli. Anafika akicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Daktari anayepewa ana miaka 29 na ndio anaanza kazi. Jina lake Carl Jung. Ndiyo, huyo huyo ambaye maneno yake huwa mnaweka kwa status mkiachwa. Jung alikuwa amesoma mambo ya Sigmund Freud wa Vienna, ambaye alikuwa anasema kitu cha ajabu kwa wakati ule: mgonjwa asiamriwe, asikilizwe. Akae, aongee, na daktari afuate uzi. Sabina akawa mgonjwa ambaye Jung alimjaribia njia hiyo. Akaulizwa. Akasema. Kuhusu baba, kuhusu kipigo, kuhusu aibu alizokuwa anazificha. Juni 1905, chini ya mwaka mmoja, ametoka hospitali na amejiandikisha Chuo Kikuu cha Zürich kusomea udaktari. Mgonjwa amevuka meza.

Ningependa kuishia hapo lakini hapana. Jung, mtu mwenye mke, baadaye akaingia kwenye mapenzi na msichana aliyekuwa mgonjwa wake. Wanahistoria bado wanabishana yalifika wapi. Kwangu hilo si swali la kwanza. Swali la kwanza ni nani alikuwa na nguvu kati yao, na jibu linajulikana. Mwaka 1909 mamake Sabina alipopata fununu akamwandikia Jung, na jibu la Jung, manze, unalisoma mara mbili. Alisema daktari anajua mipaka yake kwa sababu analipwa, na yeye hakuwa analipwa kwa huduma hiyo; kwa hivyo mama akitaka awe daktari tu, ada ni faranga 10 kwa kila kikao. Mtu mzima msomi aliandika hivyo kwa mzazi.

Kwa hivyo hatari ya kwanza ndani ya kile chumba ni daktari mwenyewe. Siifichi. Lakini angalia alichofanya Sabina. Hakunyamaza. Alihitimu udaktari 1911. Mwaka 1912 akachapisha makala kuhusu jinsi uharibifu na uumbaji vinavyotembea pamoja ndani ya mtu, na Freud alipokuja kuandika kuhusu msukumo wa kifo mwaka 1920, alimtaja kwenye tanbihi. Tanbihi! Akiwa Geneva, mtu aliyelala kwenye kochi lake kuchambuliwa alikuwa Jean Piaget, yule ambaye kila mwalimu wa Kenya amelazimishwa kumsoma chuo cha ualimu.

Mwaka 1923 akarudi nyumbani. Leo tunaweza kushangaa, kwa nini mtu atoke Uswisi aingie Urusi ya Lenin? Kwa sababu wakati huo Moscow ilikuwa moto. Serikali mpya ilikuwa inachapisha vitabu vya Freud yenyewe. Trotsky, mtu wa pili kwa ukubwa, alikuwa anawatetea wachambuzi wa akili hadharani. Na katikati ya Moscow, kwenye jumba la kifahari la tajiri Ryabushinsky aliyekimbia mapinduzi, kulikuwa na nyumba ya watoto iliyofunguliwa 1921 chini ya mwanamke aitwaye Vera Schmidt. Watoto wadogo kabisa, wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Kanuni ya nyumba: hakuna adhabu. Walezi hawakuruhusiwa kuchapa wala kukaripia. Walitakiwa kutazama, kuandika, na kujichunguza wao wenyewe kwanza mtoto akiwakasirisha. Hiyo ni miaka mia moja iliyopita. Mimi nimelelewa na mwiko wa ugali.

Nyumba ilifungwa 1925. Trotsky alikuwa anashuka, Stalin anapanda, na Freud alikuwa ameegemea ukuta wa Trotsky. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 uchambuzi wa akili kama kazi ya wazi ulikuwa umekwisha. Lile jumba akapewa mwandishi Maxim Gorky mwaka 1931, na leo ni makumbusho yake. Watalii wanaenda kupiga picha ngazi maarufu ya mawe inayojipinda kama wimbi. Watoto walikuwa wanaishi hapo.

Pigo lenyewe lilikuja tarehe 4 Julai 1936. Kamati Kuu ya chama ilitoa amri dhidi ya pedolojia, yaani ile sayansi ya mtoto iliyokuwa inachanganya saikolojia, afya na elimu. Niwe mkweli kwa pande zote: malalamiko ndani ya amri hayakuwa uongo mtupu. Wapimaji walikuwa wanawapa watoto wa wafanyakazi na wakulima mitihani ya akili, kisha kuwatupa kwa maelfu kwenye shule maalum kama wapumbavu. Hilo lilistahili kukomeshwa. Lakini serikali haikukomesha mitihani mibaya peke yake. Ilifuta fani nzima. Vitabu vikaondolewa kwenye rafu, pamoja na vya Lev Vygotsky, ambaye alikuwa amekufa kwa kifua kikuu miaka miwili kabla akiwa na miaka 37, na ambaye leo yuko kwenye kila kozi ya ualimu duniani. Ujumbe ulikuwa wazi: kuchimba ndani ya mtoto kutafuta kwa nini anateseka ni jambo la kisiasa. Maana kama mtoto wa nchi ya ujamaa anateseka, kosa ni la nani?

Sabina alikuwa na kaka watatu, wote wasomi. Isaac, mwanasaikolojia aliyejenga saikolojia ya kazi ya Kisovieti, alikamatwa 1935 na kupigwa risasi 1937. Jan na Emil nao waliuawa kwenye wimbi hilo hilo. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi Rostov, anafanya kazi ya udaktari kimyakimya. Hitler ndiye aliyemfikia. Agosti 1942 jeshi la Ujerumani liliwakusanya Wayahudi wa Rostov na kuwaua kwenye bonde la Zmievskaya Balka. Sabina alikuwa na miaka 56. Aliuawa pamoja na binti zake wawili, Renata na Eva.

Sasa rudi kwa Tarkovsky na uulize tena: mbona yule daktari anatumia hipnosi, ile ya kumshika mtu akili kwa maneno mpaka mwili unatii? Kwa sababu ndiyo iliyobaki. Mazungumzo ya kina yalipigwa marufuku, lakini hipnosi ilikuwa na baba mkubwa serikalini, Ivan Pavlov, yule wa mbwa na kengele. Ukitumia lugha ya Pavlov, hipnosi haina siri: ni sehemu ya ubongo inapunguzwa kasi, misuli inaitikia, kwisha. Na mwaka 1950 vyuo viwili vikubwa vya sayansi vya nchi viliketi kutangaza kwamba mafundisho ya Pavlov ndiyo njia rasmi. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa Msovieti mwenye hofu, kigugumizi au usingizi uliokataa kuja, angeweza kukutana na daktari mzuri, mwenye huruma kabisa, aliyefundishwa kumwamuru lakini si kumuuliza. Kuamuru kulikuwa salama kwa wote wawili. Ukiamuru husikii siri, na usiyoisikia hutaulizwa.

Halafu kuna kitu kidogo kwenye ile sehemu ya filamu, wengi hukipita. Angalia ukutani nyuma yao. Kuna kivuli cha maikrofoni. Inawezekana ni kosa la mafundi na wakaliacha. Mimi siwezi kukitazama hicho kivuli nikafikiria mafundi.

Kwa sababu wakati Tarkovsky anapiga hiyo filamu, katikati ya miaka ya 1970, mambo yalikuwa yameshapita hatua ya kunyamazisha madaktari. Sasa madaktari walikuwa wanatumiwa.

Jina la kujua hapa ni Andrei Snezhnevsky, bwana mkubwa wa tiba ya akili Moscow. Shule yake ilikuwa na ugonjwa unaoitwa skizofrenia ya polepole. Skizofrenia ya kawaida ina dalili unazoweza kuziona: mtu anasikia sauti, anaona visivyokuwepo. Hii ya polepole, dalili zake ziliweza kuwa ndogo sana mpaka mtu wa kawaida hazioni, ni mtaalamu peke yake. Unaona mlango ulivyofunguka? Mtu ana kazi, ana mke, anaongea vizuri, lakini ana mawazo ya kurekebisha jamii. Hayo yaliitwa ndoto za urekebishaji, na zilikuwa dalili. Anashikilia ukweli wake bila kujali hatari: dalili.

Na hii ndiyo iliyonifanya niandike leo. Kulikuwa na dalili iliyohusishwa hasa na vijana wa umri wenu. Iliitwa ulevi wa falsafa. Tineja anayeuliza maswali makubwa mfululizo, maisha yana maana gani, Mungu yupo, kwa nini jamii imepangwa hivi, anasoma vitabu vizito usiku, anaacha marafiki. Simaanishi kwamba hakuna mgonjwa wa kweli anayeanza hivyo. Wapo, na wanahitaji msaada. Lakini fikiria hiyo orodha ikiwa mikononi mwa mtu anayepigiwa simu na KGB. Ni nani kati yetu hakuwahi kuwa na ulevi wa falsafa kidato cha tatu?

Vladimir Bukovsky alikuwa nao, kwa kipimo chao. Amezaliwa 1942. Shuleni alianzisha jarida la wanafunzi bila ruhusa, akafukuzwa. Chuo Kikuu cha Moscow nacho kikamfukuza. Mimi chuo niliacha mwenyewe, kwa hivyo sijilinganishi naye hata kidogo, ila najua jinsi watu wanavyokutazama ukiwa kijana usiye na karatasi: kila unachosema kinakuwa dalili ya kitu. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20, alikamatwa kwa kunakili kitabu kilichokatazwa. Wakamtangaza mgonjwa wa akili, wakampeleka hospitali maalum ya Leningrad. Hospitali hizo maalum hazikuwa chini ya Wizara ya Afya. Zilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ile ya polisi. Huko ndani alikutana na Pyotr Grigorenko, jenerali mzima wa jeshi aliyepigana na Wajerumani, ambaye ugonjwa wake ulikuwa kuikosoa serikali.

Faida ya serikali ilikuwa kubwa. Kesi mahakamani ina mashtaka, ina kifungo chenye mwisho. Mgonjwa hana mwisho. Anatoka siku daktari akisema amepona, na kupona ni kukubali kwamba mawazo yako yalikuwa ugonjwa. Leonid Plyushch, mwanahesabu, alikaa hospitali ya Dnepropetrovsk kuanzia 1973, akidungwa haloperidol na dawa nyingine mpaka mtu aliyekuwa anasoma muda wote hakuweza kusoma. Alitoka Januari 1976 baada ya kelele za wanahesabu wenzake wa nje. Na hata kama hukufika huko, jina lako likiingia tu kwenye daftari la kliniki ya akili ya mtaa wako, linakufuata: leseni ya udereva, kazi, nafasi za kusoma. Unadhani mzazi gani angempeleka mtoto wake mwenye huzuni akaongee?

Mwaka 1971 Bukovsky alituma nje ya nchi kurasa kama 150 za hati za madaktari, akiwaomba wataalamu wa dunia wazisome waseme kama hao ni wagonjwa. Akakamatwa tena. Wakati huo huo huko Kiev, daktari kijana wa akili, Semyon Gluzman, akiwa na miaka 25, aliandika na wenzake ripoti ya siri kuhusu Jenerali Grigorenko. Walisoma maandishi yote waliyoweza kupata, wakaandika: huyu mtu ni mzima. Gluzman akapewa miaka saba ya kambi na mitatu ya uhamisho. Wawili hao, mgonjwa bandia na daktari wa kweli, wakakutana kwenye kambi moja huko Perm.

Mnajua walifanya nini? Wakaandika mwongozo, mwaka 1974, ukatoroshwa nje kwa siri: jinsi ya kujibu ukipelekwa mbele ya daktari wa akili. Ukiulizwa kuhusu utoto, ulikuwa mtoto wa kawaida, hukuwa mpweke. Usiseme unapenda falsafa. Usijisifu kwa sanaa za kisasa. Usionyeshe hisia sana wala kidogo. Kuwa mtu wa kati, asiye na kona. Ni mambo ya kuchekesha mpaka utambue kinachosemwa. Daktari mwenyewe, aliyesomea kusikiliza, anawafundisha watu namna ya kukaa mbele ya daktari bila kumwambia lolote la kweli. Kila alichofanya Sabina mwaka 1904 ili apone, huo mwongozo unakataza.

Bukovsky aliachiliwa Desemba 1976 kwa kubadilishana na mfungwa Mkomunisti wa Chile, Luis Corvalán. Walibadilishana uwanja wa ndege wa Zürich. Mji ule ule. Historia wakati mwingine haina aibu.

Najua kuna msomaji anasema hayo ni mambo ya Wakomunisti, sisi huku tulikuwa na Mwingereza mstaarabu. Haya. Mathari hapo Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, iliongozwa na daktari aitwaye J. C. Carothers. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi iliyochukuliwa. Yeye akaeleza uasi wao kama tatizo la akili ya Mwafrika iliyokatika mila zake ikashindwa na usasa. Halikuwa daftari la Snezhnevsky, lakini kazi ni ile ile: mtu ana malalamiko, mpe jina la ugonjwa, na malalamiko hayahitaji tena kujibiwa. Na mtu wa tatu hajaondoka moja kwa moja. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kinakiuka Katiba, Mkenya aliyejaribu kujiua alikuwa mhalifu kisheria. Ukimwambia mtu ukweli huo, ulikuwa unakiri kosa. Shule niliyosoma mimi, mlango wa ushauri nasaha ulitazamana na ofisi ya nidhamu, na mwalimu alikuwa mmoja. Ukiingia kulia, unatokea upande wa pili na barua ya kumleta mzazi. Tulijifunza mwongozo wa Bukovsky bila kuusoma.

Turudi Moscow, tumalize. Chama cha madaktari wa akili duniani kiliwalaani Wasovieti kwenye mkutano wa Honolulu mwaka 1977. Mwaka 1983, walipoona wanaelekea kufukuzwa, wakajitoa wenyewe. Mwaka 1988 zile hospitali maalum zikahamishiwa Wizara ya Afya, na mwaka uliofuata huko Athens wakarudishwa kwenye chama baada ya kukiri kwamba tiba ilitumika kisiasa. Na ni mwaka huo huo wa 1989 televisheni ya taifa ilipowapa wananchi kitu gani? Hipnosi. Daktari wa akili Anatoly Kashpirovsky alikaa mbele ya kamera kwa vipindi sita, akawakazia macho mamilioni waliokaa sebuleni na kuwaambia watapona. Wengine walitikisa vichwa kama waliopagawa. Watu waliokuwa wamenyamaza miaka hamsini, na bado hakuna aliyewauliza swali. Wakaamriwa tena, sasa kwa pamoja. Nikiwaza yule kijana wa Zerkalo, angekuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu hivi. Pengine na yeye aliwasha televisheni.

Sheria ya kumlinda mgonjwa ilikuja 1992, na kizazi kipya cha wanasaikolojia kikajifunza upya yale Sabina aliyokuwa ameyaleta kwenye sanduku lake 1923. Taratibu kukawa na kochi, kukawa na mazungumzo. Mwaka 2012 Channel One ya Urusi ikaonyesha tamthilia nzima ya kukaa na kuongea, toleo lao la ile ya Israeli iliyokuja kuitwa In Treatment Marekani. Kila kipindi ni chumba, mgonjwa, na mwanamke anayesikiliza, ameigizwa na Ksenia Kutepova. Yule mwanamke wa Zerkalo hatimaye ameketi na kuuliza maswali. Waliipa jina ambalo kwa Kiswahili ni Bila Mashahidi.

Mwaka huo huo, tarehe 6 Mei, kulikuwa na maandamano kwenye uwanja wa Bolotnaya, Moscow, na polisi wakakamata watu. Mmoja ni Mikhail Kosenko, mwanamume mpole aliyekuwa anatibiwa akili kwa miaka mingi akiishi nyumbani, anakunywa dawa zake bila matatizo. Walishtaki kwamba alimpiga polisi. Septemba 2013 mamake akafariki, na Kosenko hakuruhusiwa kwenda mazishini. Oktoba, kwa ushauri wa wataalamu wa Taasisi ya Serbsky, ile ile iliyompima Grigorenko, mahakama haikumpa kifungo. Iliamuru apelekwe hospitali kwa lazima, bila tarehe ya kutoka. Alitoka Julai 2014.